Ndege ya Kondoo kutoka Isiolo hadi Jeddah

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata dada yangu tunayelala kitanda kimoja: mimi huhutubia. Darasani nikiulizwa mji mkuu wa Sudani, ambao naujua, natazama dawati mpaka mwalimu anamgeukia mwingine. Lakini nikiwa peke yangu nyuma ya jiko, nikichambua maharagwe, nakuwa ofisa. Natoa tumbo mbele, nasafisha koo, na kuku wanapewa maendeleo.

Mwezi uliopita Bwana Sharamo, ofisa wetu, alifanya baraza nje ya mji, upande wa kuelekea Burat, mahali alipopaita kiwanja cha ndege. Alitangaza kwamba ndege itakuja kuwabeba kondoo wetu moja kwa moja hadi Jeddah, wauzwe huko kabla ya Idi ya kuchinja. Shangazi yangu Habsa alilisikia tangazo hilo akiwa Sericho, akawaswaga kondoo dume wake kwa miguu mpaka hapa. Sasa wako nyuma ya nyumba yetu, na wanakonda, kwa sababu mwaka huu wa 1984 mvua haikuja na nyasi za karibu zimekwisha. Muiruri, mfanyabiashara wa mifugo, ananunua mpaka Ijumaa, kisha anaondoka na lori lake. Shangazi hataki kumwuzia. Anangoja ndege.

Siku ya baraza hakuna aliyeuliza ndege itakuja lini. Mimi nilikuwa na swali hilo mdomoni, nikarudi nalo nyumbani. Kwa hiyo nimeiandika hotuba ya Bwana Sharamo upya, vile ambavyo ingekuwa kama watu wangeuliza, na shangazi akiwa miongoni mwao.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa baraza hili, ambaye leo ni mimi. Mgeni wa Heshima, aliyealikwa na asifike, na ambaye kiti chake nimekikalia ili kisiingie vumbi. Waheshimiwa machifu, manaibu wa machifu, na wale wanaongoja kuwa manaibu. Masheikh, wachungaji wa makanisa na wachungaji wa mbuzi. Wazee wa kamati ya maji, ambao nawapa pole. Walimu wakuu na walimu wa kawaida. Bwana Muiruri na wafanyabiashara wenzake, ambao nawaona wamekaa kivulini kama kawaida yao. Karani wangu Bwana Hezekiah, aliyeshika ramani. Mama yangu mzazi Bi. Shamis, pale mbele kwenye kigoda. Akina mama, vijana, na kondoo: salaam aleikum, na kwa wale wengine, habari zenu. (Watu wanaitikia. Kondoo mmoja anaitikia pia.)

Nitazungumza Kiswahili, ingawa mama yangu hakielewi sana, maana jambo likiwa kubwa halifai kueleweka na kila mtu kwa mara moja. (Makofi kutoka kwa machifu. Bi. Shamis anauliza kwa Kiborana, "Sharamo, umekula?" Watu wanacheka.) Nimekula, mama. Naendelea.

Ndugu wananchi, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo na kipimo, ingawa vipimo vingine ninavyo, na hivyo ndivyo nitakavyowapa leo. Kwa muda mrefu kondoo wa Isiolo amesafiri kama maskini, kwa miguu na kwa lori, akifika Nairobi amekonda na amekata tamaa, ilhali kondoo wa nchi nyingine, ambaye hata mkia wake hauufikii wa kwetu, anapanda ndege na kushuka akiwa bado amenona. Kwa kuliona hilo, ofisi yangu ilikaa, ikaunda kamati, kamati ikazaa kamati ndogo, kamati ndogo ikanywa chai, na katika chai hiyo ikapatikana Projekti Jumuishi ya Usafirishaji wa Kondoo kwa Njia ya Anga, ambayo sisi wataalamu kwa kifupi tunaiita Skimu. (Makofi.)

Msidhani kwamba naongea mambo nisiyoyajua. Mimi mwenyewe nimewahi kupanda ndege, na ingawa siku hiyo haikuruka, nilikaa ndani yake muda wa kutosha kuielewa. (Chifu mmoja: "Kweli kabisa.") Tena ofisi yangu imefanya uchunguzi wa kitaalamu, imefanya sampo, imefanya fisibiliti, na imegundua kwamba asilimia mia moja ya njia ya kutoka hapa mpaka Jeddah ni anga, na kwamba anga hiyo yote haina shimo hata moja, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu barabara ya kwenda Garba Tula, ambayo pia iko chini ya ofisi yangu. (Kicheko kidogo kwa nyuma.)

Sasa nakuja kwenye umbali, na naomba wanafunzi waandike. Kutoka kiwanja hiki tulichokalia mpaka kiwanja cha ndege cha Jeddah, kwa mstari ulionyooka, bila kupinda kwa ajili ya mlima, mto wala ndugu, ni kilomita elfu mbili mia tatu na hamsini. Umbali huo niliupima mimi mwenyewe juu ya meza yangu, kwa rula ya serikali. Ndege ya mizigo inakwenda kilomita mia tano kwa saa moja. Ukigawanya, kama mimi nilivyogawanya, unapata saa nne na dakika arobaini na mbili, na zile dakika arobaini na mbili, wananchi watukufu, kwa mamlaka niliyopewa, nimezifuta. (Makofi makubwa.)

Hiyo ni kwenda. Kurudi ni tofauti, na hapa ndipo penye utaalamu. Karani, inua ramani watu waone. (Hezekiah anainua ramani. Upepo unaikunja juu ya uso wake. Anaikunjua.) Mnaona Isiolo iko chini na Jeddah iko juu. Basi kwenda ni kupanda, na kurudi ni mteremko. Kila dereva wa lori hapa anajua jinsi gari linavyolia likipanda kwenda Subuiga, na jinsi linavyoshuka kurudi Isiolo bila gia, injini imezimwa, dereva anaimba. Rubani wetu naye atafanya vivyo hivyo. Atazima injini akiwa juu ya Sudani, na mafuta atakayookoa yatatumika na ofisi yangu katika shughuli za ufuatiliaji. (Makofi. Dereva mmoja anamwambia mwenzake, "Na breki je?" Mwenzake: "Breki ni Mungu.")

Karani, mbona umeishika ramani kichwa chini? Isiolo sasa iko juu. Igeuze. (Mzee Duba, mwenye ngamia, kutoka safu ya pili: "Mwache aishike hivyo hivyo, bwana. Basi kwenda ndiko kutakuwa mteremko, na kondoo watafika wamepumzika." Vicheko.) Mzee wangu, hilo ni wazo la kimapinduzi, na litapelekwa kwenye kamati ndogo.

(Mama mmoja aliyejitanda shuka la rangi ya udongo anasimama. Ni Habsa, kutoka Sericho. "Bwana Sharamo, ndege inakuja lini?") Asante mama. Kabla sijajibu, nakupongeza kwa kutembea kutoka Sericho mpaka hapa, mbali hivyo, na wanyama, wakati wa kiangazi, kwa ajili ya maendeleo. Mpigieni mama makofi. (Makofi. Habsa bado amesimama. "Inakuja lini? Nyasi za hapa zimekwisha. Muiruri ananunua mpaka Ijumaa. Nimwuzie, au ningoje?") Mama, hilo ni swali zuri sana, na kwa sababu ya uzuri wake haliwezi kujibiwa ovyo ovyo hapa juani. Litajibiwa kwa maandishi. ("Mimi sijui kusoma.") Basi litajibiwa kwa maandishi makubwa. (Watu wanacheka. Habsa hacheki. Anaketi, anamshika kondoo wake mgongo na kuuhesabu kwa vidole kama tasbihi, maana mifupa yote inaonekana.)

Lakini nisije nikasemwa kwamba nimekwepa. Mama Habsa, usimwuzie Bwana Muiruri. Bwana Muiruri ni rafiki yangu, na lori lake ni zuri, lakini lori ni jambo la jana. Usiuze leo kondoo anayeweza kuuzwa Jeddah kesho. (Muiruri, kivulini: "Hiyo kesho iko tarehe gani, bwana mkubwa?") Bwana Muiruri, tusilete siasa katika mambo ya kitaalamu.

(Mzee Duba anasimama tena, sasa kwa kuegemea fimbo. "Mimi kilomita sizijui, na saa sina. Nijibu kwa lugha yetu. Kutoka hapa mpaka Jeddah kuna visima vingapi?") Mzee wangu, nafurahi kulijibu hilo kwa takwimu kamili. Kutoka hapa mpaka Jeddah, kwa ndege, visima ni sifuri. Sifuri kabisa. Hakuna hata kimoja. (Minong'ono. Sauti: "Sifuri?" Sauti nyingine: "Wallahi, huyu anataka kutuulia mifugo." Mwanamke mmoja anamvuta kondoo wake karibu na magoti.) Tulieni, wananchi. Nawaambia sifuri kwa sababu ni karibu. (Mzee Duba: "Sharamo, mimi nilikujua ukiwa huna meno. Kutoka hapa kwenda Sericho najua kila mahali pa kunyweshea, na bado wengine wanafia njiani. Sasa wewe unawapeleka wanyama wetu pasipo na tone moja, halafu unasema ni karibu? Hata ngamia huwezi kumpeleka huko.")

(Kelele. Bi. Shamis anageuka na kuwaambia walio nyuma yake, "Mwacheni amalize. Hata alipokuwa mdogo alikuwa akianza vibaya.")

Asante, mama. Ndugu wananchi, ofisi yangu ni ofisi sikivu. Nimewasikia, na papo hapo, bila kusubiri kamati, natangaza marekebisho. Ndege haitaruka moja kwa moja. Itatua njiani kunywesha. (Makofi makubwa sana. Mzee Duba anaketi.) Itatua Sericho, kwa heshima ya Mama Habsa. ("Sericho hatuna maji," anasema Habsa. "Ndiyo maana niko hapa.") Itatua Sericho hivyo hivyo, ili watu wa Sericho nao waione. Kutoka Sericho itatua Korbesa. (Vijana wa Korbesa wanapiga mbinja.) Na kwa kuwa kisimani kuna utaratibu ambao hata mimi na cheo changu siwezi kuuvunja, rubani atateremka, atamsalimu mzee wa zamu, atapewa siku yake ya kunywesha, pengine ya pili, pengine ya tatu, na ndege itapanga foleni nyuma ya ngamia waliofika kwanza. (Mzee Duba: "Hapo sasa unaongea.")

(Mzee mmoja: "Na Burat?") Burat ni hapa tu, mzee. Ukikohoa Burat anasikia mtu wa Isiolo. ("Hata hivyo. Sisi si wananchi?") Itatua Burat. Itaruka kutoka hapa, na kabla haijakunja magurudumu itatua Burat, wazee wataikagua, kisha itaruka tena. (Makofi. Sauti kutoka kila upande zinataja majina ya mahali. Hezekiah anaweka alama kwenye ramani kwa haraka.) Na huko pia. Na huko. Mwandikie na yule bibi, Hezekiah. Na huko pia itatua, hata kama ni kwa shangazi yako.

Kwa marekebisho haya madogo, safari ambayo ilikuwa saa nne, naomba karani anisaidie hesabu, sasa ni siku kumi na nane. (Hezekiah anamnong'oneza.) Kumi na tisa, ukiweka na Ijumaa. Msishtuke. Huo ndio muda wa kitaalamu. Tena kwa kuwa kutoka kisima hadi kisima ni karibu mno kiasi kwamba ndege haiwahi kupanda, wataalamu wangu wamependekeza kwamba katika sehemu hizo isiruke, ibaki chini, iende kwa magurudumu taratibu, na kondoo, ili wasichoshe injini, watangulie mbele kwa miguu.

(Mzee Duba: "Basi si tutakuwa tunatembea tu?") Mzee wangu umeiona Skimu yote kwa jicho moja. Ndiyo. Awamu ya kwanza ya safari ya ndege itakuwa ya miguu. Na nina furaha kuripoti kwamba awamu hiyo imeshaanza, tena kabla ya wakati, kwa juhudi za Mama Habsa, ambaye amekwisha kutembea kutoka Sericho bila kutumia hata senti ya serikali. Mpigieni makofi tena. (Hakuna anayepiga makofi. Habsa anasimama. "Bwana Sharamo. Nina watoto wanne. Kondoo hawa ndio unga wetu mpaka mvua. Wakifa wakingoja, watoto nitawapeleka wapi? Sema tu, ndege ipo au haipo.")

Mama Habsa, mimi ni mtumishi wa umma, na mtumishi wa umma hawezi kuulizwa jambo kwa namna ya ipo au haipo. Kuna ipo, kuna ipo katika mpango, kuna ipo katika maono, na kuna ipo kwa mujibu wa upatikanaji. Ndege hii ni ya zile nne zote isipokuwa ile ya kwanza. (Muiruri anavaa kofia yake, anatoka kivulini, anakwenda kuwasha lori apashe injini joto.)

Nafunga sasa, maana naona wengine wameanza kusimama. Nikisema jambo, nyinyi mseme juu. Ndege. (Juu.) Kondoo. (Juu.) Ofisi yangu. (Juu.) Visima. (Chini.) Maendeleo. (Wachache: Juu. Mmoja: Kwa magurudumu.) Harambee.

Imebaki kazi tamu ya kushukuru. Naishukuru kampuni ya ndege, ambayo tutaijua mara tu itakapojitokeza. Namshukuru rubani, popote alipo na kazi yoyote anayoifanya kwa sasa. Nawashukuru watu wa Jeddah kwa mapokezi yao mazuri, ambayo nina hakika watatupa siku tutakapowaandikia. Nakishukuru kiwanja hiki cha ndege kwa migunga yake mikubwa, ambayo imetupa kivuli mchana kutwa, na vichuguu vyake, ambavyo wazee wamevikalia. Na wa mwisho, ambaye ndiye nguzo, namshukuru karani wangu Bwana Hezekiah, aliyeichora ndege kwenye ramani kwa kalamu nyekundu, usiku na mchana, mpaka mabawa yakalingana, maana bila yeye Skimu hii isingekuwa na ndege hata moja. Asanteni sana. (Hezekiah anainamisha kichwa kwa haya, anakunja ramani.)

Nilimaliza kuandika Jumatano, baada ya sala ya alasiri. Nilikwenda nyuma ya nyumba. Shangazi Habsa alikuwa amewakatia kondoo matawi ya mgunga na kuyatingisha maganda yadondoke. Nikamwambia nina kitu cha kumsomea, nikamsomea chote, nikikigeuza kwa Kiborana. Kwenye visima alicheka mpaka akakaa chini. Nilipofika alipouliza habari za watoto wake hakucheka tena.

"Haya ndiyo aliyosema Sharamo?"

"Hapana, shangazi. Nimetunga mimi."

"Na mimi sikuuliza hivyo."

"Hukuuliza."

Aliwasogezea kondoo tawi jingine. "Wewe unasoma vitabu. Ndege inakuja?"

Mimi hujibu sijui, hata mambo ninayoyajua. Nilisema, "Haiji. Nimekwenda kuangalia kile kiwanja. Hakuna mti hata mmoja uliokatwa."

"Kwa nini hukusema siku ile, mbele ya watu?"

"Niliogopa."

"Na sasa huogopi?"

"Naogopa."

Alhamisi asubuhi tuliwaswaga kondoo mpaka kwa Muiruri, yeye mbele na mimi nyuma. Muiruri aliwapapasa mikia mmoja mmoja akitafuta mafuta, akatikisa kichwa. "Mama, hawa ungeniletea mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita nilikuwa nangoja ndege," shangazi akasema.

"Hata mimi," akasema Muiruri. "Nilikuwa nimeanza kufikiria kuuza lori."

Hakumpa bei nzuri, lakini ilikuwa bei. Shangazi alinunua unga, akabakiza kondoo mmoja wa Idi, akamwomba dereva wa gari la Garba Tula amrudishe upande wa kwao siku hiyo hiyo. Kule kwenye kiwanja, chini ya migunga, kulikuwa na watu wengine wa Sericho waliopiga kambi na mifugo yao, wakingoja. Nilikwenda peke yangu, nikawaambia lile nililomwambia shangazi, kwa maneno machache. Mmoja wao aliniuliza nimetumwa na nani. Nilisema sijatumwa na mtu. Kisha nikaenda shule.